Foleni ya Mwekezaji

Foleni ilianza kupangwa saa mbili asubuhi, na ndani yake hapakuwa na mtu hata mmoja aliyehitaji leseni.

Mbele kabisa alisimama shangazi yake afisa uwekezaji, kwa siku hiyo mwenye kinu cha unga. Nyuma yake alikuwa shemeji, amekazwa tai mpaka macho yamemtoka. Yeye alikuwa anauza asali nje ya nchi. Waliobaki walikuwa majirani na mke wa mlinzi, kila mmoja na bahasha tupu mkononi.

"Shangazi, unasaga magunia mangapi kwa siku?" afisa aliuliza.

"Thelathini. Hii mara ya tano unaniuliza, mwanangu. Mimi si mtoto."

Afisa hakuwa mwongo, jamani. Alikuwa amebanwa tu. Wiki iliyopita Mkuu wa kaunti alimwita na kumwambia bila kumung'unya maneno: miaka miwili unaitangaza kaunti yetu, mabango mpaka njia panda, na hatujapata hata kiwanda cha vijiti vya kuchokolea meno. Sasa mwekezaji nimemtafuta mwenyewe. Anakuja Ijumaa na waandishi wa habari. Asiposaini, ofisi yako naifunga.

Maana yake aliijua. Wafanyakazi wanne watoke, na yeye arudi kule chini kwenye chumba cha mafaili ya ardhi, alikokohoa vumbi miaka sita. Aliogopa kile chumba kuliko alivyoogopa aibu.

Bango la nje lilisema LESENI NDANI YA SAA MOJA. Ukweli ni kwamba mashine ya kuchapisha ilikufa tangu mwaka jana, na wafanyabiashara wenyewe walishachoka kuja kuambiwa njoo kesho. Leseni ya shangazi ilichapishwa jana kwenye duka la vifaa vya ofisi, ikafichwa kwenye droo ya karani.

Saa nne gari la Mkuu likasimama mlangoni. Mkuu alitangulia, anacheka na kila kamera. Nyuma yake akaingia mgeni: mrefu, mvi za kuheshimika, suti ya bluu iliyomzidi kidogo mikono.

"Karibu sana, mheshimiwa," afisa alisema.

Mgeni alimpa mkono, akatabasamu.

Afisa akaanza hotuba yake. Barabara, maji, vijana wenye ujuzi. Alipofika kwenye umeme usiokatika, taa zikazimika. Mlinzi alikuwa tayari na jenereta nyuma ya ukuta, lakini nayo ilikohoa mara mbili kabla ya kuwaka. Afisa aliendelea kusema huku jasho likimshuka mgongoni.

Mgeni hakuuliza kitu. Si kuhusu umeme, wala kodi, wala ardhi. Hilo ndilo lililomtisha zaidi. Mwenye mali hasa haulizi ovyo, afisa alijiambia, huyu ananisoma tu.

Wakafika dirishani. Shangazi alikabidhi bahasha yake. Karani akavuta droo, ikagoma. Akaivuta tena, akaipiga goti, ikafunguka, na leseni ikatoka. Hata nusu saa haikufika. Mpiga picha akasogea, na shangazi akageuka akaipa kamera meno yote.

"Mama," mgeni alimwambia kwa upole, "usiitazame kamera. Wewe endelea na shughuli yako."

Shangazi alichanganyikiwa. "Mia tatu," akasema.

"Mia tatu nini?" mwandishi mmoja aliuliza.

"Magunia. Kwa siku."

Afisa alimkazia macho shangazi. Magunia mia tatu kwa siku, na kinu chenyewe hakipo. Alisubiri mgeni acheke, au akunje uso, au aombe kwenda kukiona.

"Hongera sana, mama," mgeni akasema, na kusonga mbele.

Meza ya kusaini ilikuwa imetandikwa kitambaa cha kijani. Mkuu alisaini wa kwanza, kwa mbwembwe. Wapiga picha wakajipanga. Mgeni akaketi, akachukua kalamu, akavuta karatasi za makubaliano.

Akakwama hapo hapo kwenye mstari wa kwanza.

Akasoma ukurasa ule, akafunua wa pili, akarudi kwenye ule wa kwanza. Kalamu ilibaki hewani. Dakika ikapita. Kicheko kikaanza kumkauka Mkuu mdomoni. Kule kwenye foleni, shemeji alilegeza tai.

Ameona, afisa aliwaza. Ameona jenereta, ameona droo, amesikia magunia. Mambo yameharibika, na bora niseme mwenyewe kabla hajainuka. Akasogea hadi kwenye kiti cha mgeni, akainama sikioni kwake.

"Mheshimiwa, uliyoyaona hapa tuliyapanga. Kosa ni langu mimi, hawa watu hawana hatia. Lakini nakuomba, usituache."

Mgeni aliinua uso. Alikuwa anatoka jasho kumshinda yeye. Aliendelea kuwatabasamia wapiga picha, akasema kwa sauti ya chini bila kufungua meno:

"Dada yangu, nisaidie upesi, hapa pa kujaza jina pako wazi. Mkuu alisema kampuni yangu inaitwaje?"