Chumba cha Tano

Kifuniko cha birika kiligongagonga jikoni, kuku wa jirani wakiwa bado wamelala. Mwalimu mstaafu hakukisikia. Alikuwa ameinamia karatasi thelathini na moja za mtihani wa sayansi alizopewa kusahihisha, kalamu nyekundu imechomekwa sikioni.

Swali la sita liliuliza moyo wa binadamu una vyumba vingapi. Watoto thelathini na mmoja, wote wa darasa moja, walikuwa wamejibu: "Vitano. Vinne vya damu, kimoja cha wageni."

"Maji yamechemka mpaka yanataka kuhama," mumewe alisema akiingia. "Bado unawapeleleza watoto wa watu?"

"Akikosea mmoja, ni bahati mbaya. Wakikosea thelathini na mmoja, mzee wangu, huo ni mpango."

"Labda ndivyo walivyoumbwa, darasa zima."

Mkewe hakucheka. Mbele yake palikuwa na fomu ya taarifa ya udanganyifu, imejazwa yote isipokuwa mstari wa jina la mhusika. Akiipeleka, matokeo ya darasa zima yatafutwa na mwalimu wao atasimamishwa kazi. Asipoipeleka, atakuwa ameufumbia macho wizi. Ofisi ya mitihani ingefunguliwa saa mbili.

Mumewe alimmiminia chai, akaongeza sukari bila kuambiwa. "Kamuulize mwenyewe kwanza. Kuuliza hakuna fomu."

Saa moja kasorobo alikuwa akibisha hodi kwa mwalimu wa sayansi. Mlango ulifunguliwa na mtu mwenye kandambili mguu mmoja na povu la dawa ya meno mdomoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kasukutue, nina ugomvi nawe."

Aliporudi alimpa mgeni kiti pekee chenye miguu yote minne, yeye akakalia ndoo. Mgeni alimwekea karatasi mapajani.

"Uliwapa majibu?"

"Hapana. Siku ya mtihani sikukanyaga hata mlangoni."

"Walitazamiana?"

"Hawakuwa na haja. Wameandika nilichowafundisha."

"Na akili zako timamu? Una cheti, una upara, halafu unawaambia watoto kwamba moyo una sebule? Hata ulipokuwa mdogo ulikuwa unasinzia darasani."

"Kidogo," alikubali.

"Nionyeshe kitabu kinachosema hivyo, au naandika jina lako sasa hivi."

Aliinuka kwenye ndoo, akaingia ndani. Alirudi na daftari lake la zamani lililofunikwa kwa nailoni, akafungua ukurasa, akampa.

Mwalimu mstaafu alisoma. Akavaa miwani, akasoma tena. Chini ya jibu lile lile la vyumba vitano, kwa mwandiko wa mtoto wa darasa la tatu, palikuwa na alama ya vema, nyekundu, na maneno: "Vizuri sana, mwanangu. Usilie tena. Karibu darasani kwetu." Saini ilikuwa yake.

Alivuta fomu kutoka mkobani, na kwenye mstari wa jina la mhusika akaandika jina lake mwenyewe.

"Njoo tena Jumamosi, Mwalimu," mwenyeji wake alisema, akimshikia mkoba. "Bado hujaona uliyotufundisha kuhusu ini."