Viwavi vya Mma Sethunya

Rra Thuso alichungulia huku na huku, akapiga magoti katikati ya kabichi za jirani yake, akafungua kopo la tumbaku na kumwaga viwavi. Vilikuwa vya kijani, vinene, vimeshiba. Akavigawa kwa haki, kabichi hii na ile, kisha akavifunika kwa majani kama anayelaza watoto. Alipomaliza alisimama, akapangusa magoti na kukohoa kwa nguvu ili asikike jikoni.

"Mma Sethunya, hujambo? Nimekuja kutazama wadudu."

Mma Sethunya alitoka na beseni, unga wa maandazi ungali mikononi. Akainama, akainua jani la kwanza, akatikisa kichwa.

"Leo vimezidi. Sijui vinatoka wapi."

"Ni upepo," alisema Rra Thuso.

Alikuwa mgane, mwenye mvi na miguu mirefu. Ujana wake wote aliumalizia Kalahari akichimba visima, ambako mashine ilinguruma kutwa na hakuna aliyemtaka aseme neno. Alipostaafu na kurudi kwao Kanye, Botswana, akakuta nyumba iliyopakana na yake inakaliwa na mjane anayeuza maandazi, mwanamke mwenye kicheko kinachopita ukuta bila hodi. Rra Thuso akapoteza usingizi. Lakini kila alipokutana naye njiani ulimi ulikuwa mzito, akaishia kusema kwamba leo kuna jua. Na kweli Kanye kila siku kuna jua.

Siku moja akaona viwavi kwenye spinachi yake, mstari ule wa kando ya ukuta. Aliinua kiatu avikanyage, mara akasikia kicheko upande wa pili. Akakishusha kiatu taratibu. Mtu hawezi kwenda kwa mjane asubuhi na mapema bila sababu, watu watasema. Ila jirani ambaye kabichi zake zinaliwa ni lazima asaidiwe. Akaenda kutafuta kopo.

Tangu hapo asubuhi zake zikawa na sukari. Walikuwa wakiviokota pamoja, bega kwa bega, na ulimi wake ukiwa na kazi ya kuzungumzia ukafunguka kama bomba. Alimsimulia jinsi maji yanavyonukia kabla hayajatoka ardhini. Mma Sethunya naye alivipa viwavi majina ya wazee wa kanisa: huyu mnene ni mweka hazina, yule anayejikunja ni mhubiri anayetafuta aya. Rra Thuso alicheka mpaka akashika ubavu. Beseni likijaa, Mma Sethunya alilichukua mwenyewe kwenda kuwamwagia kuku nyuma ya nyumba, akirudi wanakunywa chai na maandazi ya moto. Kuku wenyewe, ajabu, hawakunenepa.

Spinachi ya Rra Thuso nayo haikumwangusha. Mistari mingine ilikuwa safi, ila ule wa ukutani ulizaa viwavi vipya kila siku. Rra Thuso, ambaye hakuwa mtu wa sala ndefu, alianza kushukuru Mungu kabla ya kufungua kopo.

Ndipo Sethunya, binti ambaye mjane huitwa kwa jina lake, akaja kutoka Gaborone na pampu ya dawa mgongoni.

"Mama, kila nikija nakula kabichi zenye matundu," alisema. "Leo napuliza, na mambo yamekwisha."

Mama yake akasema dawa itadhuru kuku. Binti akajibu kuku watafungiwa. Mama akasema labda mvua itanyesha, binti akatazama mbingu, hakukuwa na wingu hata moja. Akaongeza kwamba atampulizia na Rra Thuso upande wake, bure, kama shukrani ya wema wake kwa mama.

Rra Thuso alikuwa ameketi na kikombe mkononi. Akaona asubuhi zake zote zikinyauka kwa mpulizo mmoja, naye amerudi kusema leo kuna jua. Sethunya akaanza kupampu.

"Usipulize," alisema Rra Thuso.

Wote wawili wakamgeukia. Akaweka kikombe chini.

"Ukiviua, mimi nitakuja hapa kufanya nini?"

Sethunya akamtazama mzee, akamtazama mama yake, akaishusha pampu polepole. Akasema amesahau kitu ndani ya nyumba, na hakutoka tena.

Basi Rra Thuso akasema yaliyobaki moyoni mwake, kwa mkupuo, jasho likimtiririka. Mma Sethunya alimsikiliza akiwa ameshika kabichi kifuani kana kwamba itakimbia. Mwishowe akamwambia awatume wajomba zake waje kuposa, na wasije mikono mitupu, maana yeye si maandazi ya jana.

Rra Thuso nusura aruke. Lakini furaha ile ile ikamchoma: hataki kuoa juu ya uongo. Akavua kofia, akakiri. Haukuwa upepo. Kila asubuhi alikuwa akivitoa viwavi kwenye spinachi yake na kuvimwaga kwenye kabichi za mjane. Kama amekasirika, ana haki, na wajomba wanaweza kubaki nyumbani.

Mma Sethunya alicheka mpaka kitambaa kikamwanguka kichwani. Alicheka akakaa chini, penye udongo.

"Na kwako vilifikaje?" aliuliza alipopata pumzi.

Rra Thuso akasema hata yeye hajui, vilikuja tu.

"Havikuja tu, Rra. Nilivirusha mimi juu ya ukuta, vile vya kwanza kabisa, na hivi vya leo pia."