Wimbi Lililoidhinishwa

Kamati ya Viwango ilipoidhinisha wimbi moja tu la mawasiliano ya nyumbani, wimbi lililounganisha moyo wa bandia wa Mzee Shekuwe na mtambo wa ukutani uliouendesha likapigwa marufuku. Alilibuni mwenyewe ujanani. Kamati ilichagua la wale waliowaandalia wajumbe wake karamu nono.

Mkaguzi wa Kamati aliingia nyumbani kwa Mzee na viatu vyake, akalizima wimbi lake.

"Na moyo wa mume wangu je?" aliuliza Bi Zamu, mke wa Mzee.

"Atasubiri moyo mwingine, mama. Kiwango ni kiwango."

Bi Zamu alimtemea mate miguuni, akachomoa waya wa redio mbovu, akamuunganisha mumewe na mtambo. Moyo ukapiga tena.

Mkaguzi akatabasamu. "Safi kabisa. Waya si wimbi. Sasa mmetimiza masharti."

Tangu siku hiyo, kwa ufupi wa waya, Mzee hafiki hata mlangoni.