Akiba Inayooza

Bi Mosi alikuwa ameshaifunga chupa ya dawa kwa kitambaa, anaificha nyuma ya mtungi, mkwewe Raya alipoingia.

"Mama, dozi ya Nunuu haijaisha."

"Mtoto kapona. Tangu jana hajawika."

Kifaduro kilimfanya mjukuu wake akohoe mpaka pumzi imkatike, kisha aivute kwa sauti kama ya jogoo.

"Hii iliyobaki tumwekee atakayeugua kesho," alisema Bi Mosi. "Akiba haiozi."

"Hii inaoza, mama. Ingekuwa bado unga ingekaa. Tulipoitia maji tu, ikaanza kuharibika. Na nesi kasema aimalize hata akipona, ugonjwa usije ukarudi."

Bi Mosi aliitazama chupa kama mtu aliyeambiwa amwage mchele.

Mara uani ikasikika sauti ya kuwika.

Walitazamana, kisha wakakimbilia mlangoni. Jogoo alikuwa juu ya ukuta. Chini yake Nunuu anarukaruka, anataka kumshika mkia, anacheka mpaka anayumba, wala hakohoi.

Bi Mosi akafungua kitambaa.

"Lete kijiko," alisema, akiitikisa chupa kwa nguvu, macho yake yakiwa bado uani.