Mfupa Haukuota

Enyi mlioketi mbele za Bwana, tegeni masikio. Na anayetafuna aitulize taya yake.

Mwaka wa njaa, Mbweha, mlinzi wa ghala la wanyama wote, alimlisha fahali wake mtama wa ghala ili anone. Kindi akaja na wanawe waliokonda.

"Baba Mbweha, konzi moja tu ya mtama. Wanangu wanakufa."

"Ngoja, mama. Fahali akinona, utapata mchuzi."

"Mchuzi wa lini, baba? Nikishawazika?"

Mbweha akacheka. "Basi wape subira. Si huvuta heri?"

Kindi akawazika wanawe. Fahali akachinjwa, akaliwa, akaisha. Mvua ziliponyesha, Mbweha akafungua ghala kutafuta mbegu, asione hata punje. Kwa kukata tamaa akaupanda mfupa wa fahali, akalala kando ya tuta akiungoja, mbavu zikimtoka.

Kindi akapita. Mbweha akanong'ona, "Mama, mbona hauoti?"

"Nami nilipanda, baba," akajibu Kindi, akilia. "Hawakuota."

Ndugu zangu, nafaka inayononesha nyama ya meza zetu imetoka kinywani mwa mtoto wa jirani. Tubuni. Rudisheni kisu alani leo, pikeni mtama, mkamwite Kindi kabla hajashika jembe la kaburi.