Jiwe la Achari

Kuniaki alikuwa mtu wa arobaini na tatu kwenye foleni ya kuelekea mlangoni kwake mwenyewe.

Kosa lilikuwa dogo. Asubuhi alilitoa nje jiwe la kukandamizia figili kwenye pipa la achari, akaliosha, akalifunika kitambaa chekundu cha jikoni, akaenda zake bafu la mtaa. Alisahau kwamba Osaka nzima ikiona jiwe lenye kitambaa chekundu inaona sanamu ya Jizo, mlinzi wa wasafiri anayechongwa kwa jiwe, na hakuna anayepita bila kuinamisha kichwa. Aliporudi, jiwe lilikuwa limeshawekewa machungwa matatu, na kundi la watalii lilikuwa limepanga foleni mbele yake.

"Wapendwa, mmetoka kuwaona Jizo Watano wa hekalu la jirani," alitangaza dada kiongozi wa watalii, mwenye kibendera cha njano. "Kwingine kote wako sita, sisi tunao watano, maajabu ya Osaka! Na huyu hapa ni..." Alisita kidogo tu. "Jizo wa Ndoa! Mmwagieni maji, mtapata wachumba."

"Hilo ni jiwe langu la achari!" Kuniaki alipiga kelele.

"Panga foleni, mjomba," alisema msichana wa mbele yake. "Sote tunatafuta mchumba."

"Mimi nina mke!"

"Na bado unataka mwingine? Huna hata haya."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Kuniaki hakucheka. Mama Tomie, mkwe wake, alikuwa anafika saa sita, na jiwe lilikuwa lake. Alilipata enzi za ubibi harusi wake, alipokuwa akiishi mtaa huu huu, akampa binti yake siku ya ndoa kwa masharti mawili: lisipotee, na lisigeuzwe. Upande bapa ukae juu daima, hata siku ya kuoshwa. Kuniaki alikuwa ametii miaka kumi na tisa. Mama Tomie hakuwa mtu wa kubishana naye. Hata hekaluni alikuwa hakanyagi, alizungukia sokoni kulikwepa, akisingizia kwamba magoti yake hayawezi ngazi.

Mkewe, Sayoko, alikuwa amekwenda stesheni kumpokea. "Mama akikuta pipa halina jiwe," alikuwa amemwambia kabla ya kuondoka, "mimi simo."

Saa sita kasoro dakika mbili zamu yake ikafika. Kuniaki hakuomba wala hakumwaga maji. Alilikumbatia jiwe kwa mikono miwili akageuka kukimbia.

"Mwizi! Anaiba Jizo!"

Babu mmoja alimtandika mwavuli mgongoni. Msichana wa mchumba akamng'ang'ania shati. Jiwe lilikuwa limelowa chepechepe, likamponyoka, likabingirika mara moja na kutulia miguuni pa bibi mmoja mfupi mwenye sanduku la safari.

Alikuwa Mama Tomie. Sayoko alisimama nyuma yake, amejishika kichwa.

"Mama, nisamehe," Kuniaki alisema, magoti chini. "Nililitoa nje mara moja tu, nikalifunika..."

Mama Tomie hakuwa akimsikiliza. Alikuwa akitazama chini, kama watu wote. Pumba kongwe za mchele za kuchachushia achari, zilizoganda miaka yote na sasa kulainishwa na maji ya waombaji, zilikuwa zikibanduka vipande vipande kwenye upande wa chini wa jiwe, ambao sasa ulitazama juu. Likatokea jicho lililofumbwa, kisha la pili, kisha pua, kisha tabasamu la upole.

"Nilikwambia usiligeuze," alinong'ona Mama Tomie. "Walikuwa sita, mwanangu, na mimi nilikuwa na figili nyingi."