Chumba cha Mlimani

Kwa miaka miwili wenzake walimcheka Sikudhani, fundi wa kompyuta wa chuo kikuu, kwa kung'ang'ania chumba cha pili cha mitambo huko mlimani, cha kuhifadhi nakala za kumbukumbu zote. Kisha asubuhi moja mto ulifurika, na chumba kikuu kule bondeni kikazama.

Msajili, Mzee Kombo, alimpigia simu kutoka ghorofani chuoni, alikokimbilia na wafanyakazi wengine. Sikudhani alikuwa tayari amefika chumba cha mlimani.

"Mama, matokeo ya wanafunzi wote yamekwenda na maji."

"Hayajaenda, mzee. Usikate simu."

Mitambo ya mlimani haikuwahi kubeba chuo kizima peke yake. Sikudhani aliiwasha mmoja baada ya mwingine, akahamishia kazi zote huko.

"Sasa tafuta jina lolote."

Mzee Kombo aliandika jina kwenye kompyuta yake.

"Namwona Mwanakheri Faki, udaktari, mwaka wa tano," alisema. "Alama zake zote zipo. Wote wapo, mwanangu."

Sikudhani akaketi sakafuni, mgongo kwenye mtambo uliokuwa ukivuma, akicheka huku machozi yakimtoka. Kwenye simu, mmoja wa wafanyakazi waliokuwa na Mzee Kombo alianza kusoma majina ya wanafunzi kwa sauti, na wenzake wakalipigia makofi kila jina.